MRADI UNA MKATABA, KIBARUA HANA

ASIYEKUWEPO na lake halipo. Wahenga walisema hivyo zamani, na wiki hii tunayarudia maneno yao kwa sababu yanatuhusu vijana wa Tunduma, Mpemba, Vwawa, Mlowo na mkoa mzima wa Songwe kuliko wakati mwingine wowote.

Reli inafufuliwa. Barabara kuu inapanuliwa. Mabilioni yanatajwa kila kukicha. Na kabla hata vumbi la miradi hiyo halijatulia, sheria ya kazi imebadilishwa. Wakubwa huyatangaza mambo haya mbalimbali, kila moja na jukwaa lake, hata mwananchi wa kawaida akaona hayahusiani.

Yanahusiana sana! Mradi ndio unaoleta kazi. Sheria ndiyo inayosema kazi hiyo itakulipa nini, itakulinda vipi, na siku ukitolewa nje ya geti utaondoka na nini mkononi. Anayeijua habari ya mradi bila kuijua habari ya sheria ni sawa na mtu anayeambiwa kuna pilau bila kuambiwa nani atapakua.

Basi swali letu wiki hii ni moja tu. Sheria ilipokuwa inafumuliwa na kushonwa upya, nani alikuwa mezani? Na kijana anayelala Sogea, Majengo au Chapwa na kuamkia getini kutafuta kibarua, nani alimsemea?

MABILIONI YANAPITA TUNDUMA

Tuanze na miradi yenyewe, maana hatupendi kubishana hewani.

Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya China, CCECC, mkataba wa kuifufua na kuiendesha reli ya TAZARA. Muda wake ni miaka 30, na fedha zinazotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Miaka mitatu ya mwanzo ni ya ukarabati, na inayobaki ni ya kuendesha reli na kurudisha fedha za mwekezaji. Novemba 2025 uzinduzi ukafanyika Zambia mbele ya Waziri Mkuu wa China, Li Qiang.

Reli hiyo ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inaingia Zambia hapa hapa kwetu Tunduma. Wazee wetu waliijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, wao na Wachina, kwa mkopo wa China usio na riba. Watu walikufa katika kazi ile. Wachina peke yao waliopoteza maisha ni zaidi ya 60.

Ipo pia barabara kuu ya kutoka Igawa hadi Tunduma, ambayo kila dereva wa transiti anaijua kwa machungu yake. Kazi ya kuigeuza kuwa njia nne ilianzia Jiji la Mbeya, kwenye kipande cha kilometa 29 kati ya Nsalaga na Ifisi. Kabla ya hapo tuliona barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikijengwa kwa msaada wa Wamarekani kupitia mpango wa MCC wa mwaka 2008 hadi 2013. Na tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walikuja wenyewe kuzindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde.

Hatupingi hata mradi mmoja kati ya hii. Atakayesema gazeti hili linapinga maendeleo atakuwa anasema uongo mchana kweupe. Lami tunaitaka. Reli tunaitaka. Foleni ya malori itoke mjini, tutapiga vigelegele.

Lakini tunauliza jambo dogo. Kila mradi kati ya hii una mkataba wenye kurasa nyingi. Umesainiwa na mawaziri, umepigwa picha, umepigiwa makofi. Mkandarasi ana mkataba. Benki ina mkataba. Mwenye mtambo aliyeukodisha ana mkataba. Hata mama anayewapikia wahandisi kambini ameandikishana. Kijana aliyebeba zege ana nini? Ana jina lake kwenye daftari la nyapara, tena limeandikwa kwa penseli!

WENYE MALI WANA MLANGO WAO

Tusimlaumu mtu kwa kujipanga. Wafanyabiashara wa nchi hii wamejipanga, na serikali imewafungulia mlango.

Mwaka 2001, enzi za Rais Benjamin Mkapa, liliundwa Baraza la Taifa la Biashara. Mwenyekiti wake ni Rais wa nchi mwenyewe. Wajumbe ni 40, nusu wa upande wa serikali na nusu wa upande wa sekta binafsi. Baraza hilo limeshuka hadi chini: mkoani mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, wilayani mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya. Mwaka 2018 ukatoka mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaoitwa MKUMBI, na utekelezaji ukaanza mwaka 2019. Ndani yake serikali yenyewe iliahidi kufuta tozo na kupunguza masharti yanayowakera wenye biashara.

Na matunda yameonekana. Angalieni wenyewe.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile inayolipwa na mwajiri na ambayo VETA inaitegemea, ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013. Ikashuka ikawa 5. Mwaka 2016 ikawa 4.5. Mwaka 2023 ikafika 3.5. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi wasiofika 10 wakaondolewa kabisa kwenye tozo hiyo, wakati zamani mpaka ulikuwa wafanyakazi wanne.

Mchango wa mwajiri binafsi kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaomlipa mtu aliyekatika mkono kazini, ulianza mwaka 2015 ukiwa asilimia 1 ya mishahara. Mwaka 2021 ukashushwa hadi 0.6, na mwaka 2022 hadi 0.5.

Inawezekana punguzo hilo lina faida. Mwenye kiwanda kidogo akipumua huenda akaajiri wawili zaidi. Tunachosema ni kwamba waajiri waliomba, wakaomba tena, wakapewa. Wana Chama cha Waajiri, wana Taasisi ya Sekta Binafsi, wana wanasheria wanaolipwa kwa kazi ya kusoma miswada na kuandika mapendekezo. Mlango waliogonga ulifunguliwa.

Sasa kibarua wa Tunduma agonge wapi?

Tutaambiwa wafanyakazi nao wana kiti. Ni kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliunda baraza linalojulikana kama LESCO, ambamo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi hukaa pamoja kuishauri wizara. Lakini kiti hicho ni cha chama cha wafanyakazi, na chama humsemea mwanachama. Utingo wa lori si mwanachama. Kuli wa Custom si mwanachama. Mbeba zege wa siku tatu hapa na wiki mbili pale si mwanachama. Huyu kiti chake hakipo, na lake halipo.

SHERIA IMEGEUZWA VIPI

Sheria kubwa ya kazi tuliyo nayo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Ilikuja kuchukua nafasi ya sheria za zamani, ikiwemo ile ya mwaka 1964 iliyomlinda mfanyakazi dhidi ya kufukuzwa ovyo. Januari 2025 Bunge likapitisha mabadiliko yake, na mwezi uliofuata yakaanza kutumika. Ni Bunge lile lililokuwa limejaa chama kimoja karibu chote.

Tuwe waungwana. Yamo mema ndani yake. Mama aliyejifungua mtoto njiti sasa anaongezewa likizo kufidia muda uliobaki hadi kutimia wiki 40 za ujauzito. Hilo ni jambo la utu na aliyelileta tunampongeza.

Lakini yapo mengine mawili ambayo kijana inampasa ayajue kabla hajasaini.

La kwanza ni mkataba wa muda maalumu. Zamani sheria iliuruhusu kwa wataalamu na mameneja. Mfanyakazi wa kawaida alipaswa kuajiriwa bila kikomo cha muda, au kwa kazi maalumu inayojulikana mwanzo na mwisho wake. Sasa mlango umepanuliwa. Asiye mtaalamu naye anaweza kupewa mkataba wa muda kwa sababu kama msimu wa kazi, ongezeko la kazi la kupita, au mradi wenye kikomo. Maana yake hapa kwetu ni kwamba karibu kila kazi itakayozaliwa na reli na barabara inaweza kuangukia humo.

La pili ni fidia. Sheria ya 2004 ilisema aliyeachishwa isivyo halali, kama harudishwi kazini, alipwe mishahara isiyopungua ya miezi 12. Waajiri walilalamika miaka mingi kwamba wanalipishwa mwaka mzima hata pale walipokosea utaratibu tu. Wakasikilizwa. Sasa kosa la utaratibu peke yake limetengewa miezi 6. Miezi 12 imebaki kwa aliyeachishwa bila sababu halali, na miezi 24 ni kwa aliyeachishwa kwa ubaguzi au unyanyasaji wa kingono.

Na kuna jambo la tangu zamani ambalo halikuguswa. Kifungu cha 35 kinasema mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri mmoja hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Mwajiri mwema hana shida na kifungu hicho. Mwajiri mjanja anakitumia kama kalenda: mwezi wa tano kijana anaambiwa apumzike kidogo, mwezi wa saba anaitwa tena kama mgeni. Kwenye mradi wa miaka mitatu kijana huyo anaweza "kuanza kazi" mara tano, na asifikishe miezi sita hata mara moja!

VUKA MPAKA UONE

Sisi wa Tunduma tuna bahati ambayo mtu wa Dodoma hana. Tunaweza kulinganisha nchi mbili kwa kuvuka barabara.

Ng'ambo, Nakonde, inatumika Sheria ya Ajira ya Zambia, Namba 3 ya mwaka 2019. Sheria hiyo imepiga marufuku kumgeuza mtu kibarua wa kudumu katika kazi ambayo kwa asili yake si ya kibarua. Tena inasema aliyefanya kazi kwa mkataba wa muda mrefu, unaozidi miezi 12, akimaliza alipwe kiinua mgongo kisichopungua asilimia 25 ya mshahara wa msingi alioupata kwa muda wote wa mkataba.

Tupige hesabu ya kijiweni. Kijana ana mshahara wa msingi unaolingana na shilingi 360,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka miwili. Jumla ni shilingi 8,640,000. Kwa sheria ya Zambia, anaondoka na asilimia 25, yaani shilingi 2,160,000. Anaweza kununua bodaboda aliyoitumia kwanza mwenzake, au kufungua duka la vifaa vya simu.

Kwa sheria yetu, aliyeachishwa kazi na mwajiri baada ya kumaliza mwaka anastahili mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, na hesabu inakomea miaka 10. Kwa kijana yuleyule, siku 7 ni kama shilingi 97,000. Miaka miwili ni kama shilingi 194,000. Hiyo ni kodi ya chumba na sabuni.

Wakubwa watatujibu kwamba kwetu kuna NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Sawa, lakini NSSF humlinda aliyeandikishwa. Jina la penseli halifiki NSSF.

Wala hatusemi Zambia ni peponi. Huko nako wapo waajiri wanaokwepa sheria, na vijana wa Nakonde wanahangaika kama sisi. Tunachosema ni kwamba reli ni moja, mwekezaji ni mmoja, mkataba ni mmoja, vumbi ni lile lile. Iweje kijana wa upande ule aondoke na milioni mbili, na wa upande huu aondoke na laki mbili kasoro?

HOJA YA WAAJIRI

Tunaijua hoja ya upande wa pili na tutaitaja kwa haki. Wanasema sheria ikiwa ngumu mno, mwekezaji anaogopa kuajiri, anakwenda kwingine, na kijana anabaki kijiweni na haki zake kwenye karatasi. Wanasema mradi una mwanzo na mwisho, huwezi kumpa mtu ajira ya maisha kwenye kazi ya miaka mitatu.

Hoja ya mwisho tunaikubali. Hakuna kijana wa Songwe mwenye akili anayeomba kuchimba mtaro wa reli hadi astaafu. Tunaomba kazi ya miaka mitatu iandikwe miaka mitatu.

Lakini hoja ya kumwogopesha mwekezaji haina miguu hapa. TAZARA haiwezi kuhamishiwa nchi nyingine. Huwezi kuifunga reli kwenye sanduku ukaipeleka Msumbiji. Barabara ya Tunduma itajengwa Tunduma. Kiwanda cha nguo kinaweza kutishia kuhama, tuta la reli halitishii mtu. Basi kama kuna mahali ambapo serikali inaweza kumwambia mkandarasi "andikisha watu" bila kuogopa atakimbia, ni hapa.

Na historia inatufundisha kwamba kunyamaza hakuleti amani. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa mkataba wa ajira. Mabomu ya machozi yakapigwa Ubungo, abiria wakakwama na watoto wao, na baadaye serikali ikaahidi kukaa na pande zote. Mwaka 2014 na 2015 wafanyakazi wa TAZARA wenyewe walisusia kazi wakidai malimbikizo ya mishahara. Mambo hayo yangemalizwa na karatasi mapema, yakaja kumalizwa na mgomo.

KARATA ULIYO NAYO MKONONI

Ndugu msomaji, usikunje gazeti ukasema "hawa wanalalamika tu." Sheria hiyohiyo inayokubana imekuachia silaha ambazo wengi hatuzijui. Tuzitaje.

Kwanza, hata bila karatasi wewe unaweza kuhesabiwa mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa kukiwa na mojawapo ya dalili kadhaa: unapangiwa saa au namna ya kufanya kazi, unapewa vifaa, unamtegemea mtu huyo kwa kipato, au umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano tu za saa tisa! Kibarua anayeitwa siku tano kila mwezi, kwa miezi mitatu, tayari ana pa kuanzia.

Pili, kutokuwa na mkataba wa maandishi ni kosa la mwajiri, si lako. Kifungu cha 15 cha sheria ya ajira kinamtaka akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Kesi ikifika mbele ya sheria na yeye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Tatu, saa za kazi ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu hulipwa mara mbili.

Nne, kuna kima cha chini. Oktoba 2025 Waziri Ridhiwani Kikwete alitangaza kima cha chini cha sekta binafsi kupanda kutoka sh. 275,060 hadi sh. 358,322 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Amri za mishahara hutaja pia kiwango cha siku na cha saa, na kila sekta ina mstari wake. Kwa hiyo neno "kibarua" halimpi mtu ruhusa ya kukulipa anavyojisikia.

Tano, na hili ndilo linalowaangusha wengi: muda. Ukiachishwa isivyo haki una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine yana siku 60. Kijana anayesubiri mwezi mzima kwa sababu nyapara amemwambia "nitakuita" amejifungia mlango mwenyewe.

Basi tunza ushahidi. Piga picha daftari la mahudhurio. Usifute meseji za malipo kwenye simu. Jua jina la kampuni iliyokuajiri, maana juu ya mabati ya geti limeandikwa jina la mkandarasi mkuu, na wewe unalipwa na mkandarasi mdogo ambaye kesho atahama na kontena lake usiku.

TUNACHODAI

Kwa serikali na kwa Mkuu wa Mkoa wa Songwe, madai yetu ni manne na hayahitaji hata senti moja ya mkopo.

Kwanza, sharti la mikataba ya ajira liwe ndani ya mikataba ya wakandarasi wa reli na barabara. Mkandarasi asilipwe hati yake ya kazi kama hajaonyesha orodha ya watu aliowaandikisha, michango yao ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia. Mkandarasi mkuu abebe deni la mkandarasi mdogo anayekimbia.

Pili, nafasi za kazi zitangazwe na orodha ibandikwe ofisi ya kata. Geti lisiwe soko la kuuzia kibarua. Kila mtu mjini anajua maana ya kuambiwa "ongea vizuri na nyapara." Kijana asiye na nauli hawezi kutoa cha juu ili apate kazi ya kutoa jasho.

Tatu, maafisa kazi na watu wa Tume waonekane kwenye kambi za mradi, kwa siku zinazojulikana. Haki yenye siku 30 haiwezi kufuatwa na mtu ambaye kila siku anayokosa kazini ni siku asiyokula.

Nne, Baraza la Biashara la Mkoa likikaa kuzungumzia miradi hii, vyama vya wafanyakazi na wawakilishi wa vibarua waitwe, na yaliyozungumzwa yabandikwe ukutani tuyasome. Hata lile la kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kama cha Zambia lianze kujadiliwa hapo, maana hakuna mkoa unaoiona tofauti hiyo kwa karibu kama wetu.

Kwa vyama vya siasa, vyote, na vile vya upinzani ambavyo tunaviunga mkono vikiwemo, tunasema hivi: kijana wa Tunduma amewajazia mikutano kwa miaka mingi. Ameimba, amepigwa mabomu ya machozi, ameshangilia. Sasa mletee mwanasheria mmoja wa kumsaidia kujaza fomu ya Tume. Hilo litamkaa moyoni kuliko fulana kumi.

Na kwako wewe kijana, tunamalizia na jambo moja ambalo tungependa likatwe na kubandikwa kila kijiwe.

Chama cha wafanyakazi si mali ya wazee wa Dar es Salaam. Kweli, zamani kilikuwa cha kupewa. Mwaka 1964 serikali iliivunja TFL na kuleta NUTA, kisha ikaja JUWATA mwaka 1978, na mfanyakazi akazoea kuona chama kikishushwa kutoka juu. Zama hizo zimepita. Sheria ya sasa inasema wafanyakazi 20 wanatosha kukutana na kuanzisha chama chao na kuomba kisajiliwe. Ishirini tu! Wakiona ni mzigo, wanaweza kujiunga na vilivyopo, TAMICO kwa watu wa ujenzi, COTWU kwa watu wa usafirishaji, TRAWU kwa watu wa reli. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali pa kazi, mwajiri analazimika kukaa nacho meza moja kujadili mkataba wa hali bora.

Kijiwe kimoja cha Kaloleni kina watu zaidi ya 20 kila asubuhi kabla chai haijaiva. Tunakaa hapo tukibishana Simba na Yanga hadi jua linakuwa kali. Siku moja tu ya mabishano hayo ikigeuzwa mkutano, na majina 20 yakaandikwa kwa kalamu ya wino, waajiri wataletewa barua ambayo hawajawahi kuiona kutoka mji huu.

Wenye mali walijipanga wakapata walichokitaka. Hawakuiba, waliomba kwa umoja. Nasi tuombe kwa umoja, tena mapema, kabla reli haijafika na penseli ya nyapara haijachongwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.